Usiku wa kwanza na mitego ya panya Patagonia

Mgeni akishika kwa mara ya kwanza mtego wa kukamata panya hai ili apimwe, huwaza atakamata wangapi. Anza na swali jingine: panya wa gramu 25 akilala humo usiku kucha, alfajiri utamkuta hai? Hata Januari, kiangazi cha huko, usiku wa Patagonia, kusini mwa Argentina na Chile, unaweza kuganda.

Mtego wa Sherman ni sanduku la alumini lenye mlango wa springi na bapa la kukanyagia, na alumini hunyonya joto la mwili. Sukuma donge la nyuzi za kujazia mito hadi nyuma kabisa. Pamba haifai sana, kwani ikilowa mkojo inabaki baridi. Donge likiingia chini ya bapa, mtego haufungi. Chambo ni kijiko kimoja cha oti na siagi kidogo ya karanga. Ikizidi, inagandisha bapa. Usipunguze oti, maana hicho ndicho chakula cha panya cha usiku.

Panga mitego kila mita 10, kando ya magogo na chini ya vichaka, kila mmoja na namba yake na utepe unaoonekana kwa mbali. Gusa bapa kwa kidole: lisipofyatuka kwa mguso mwepesi, panya mdogo atakula aondoke. Likilegea mno, upepo utafunga mitego yote kabla ya saa sita usiku. Nyikani upepo mkuu hutoka magharibi, basi elekeza mlango mashariki na uweke jiwe juu.

Karibu na mji wa Bariloche, Argentina, Januari jua huzama baada ya saa tatu usiku. Tega machweo, kagua kuanzia saa kumi na moja unusu alfajiri, kisha funga yote mchana, kwa sababu sanduku juani ni tanuri. Hesabu mitego wakati wa kutega na wakati wa kufunga. Mmoja uliosahaulika ni mnyama aliyekufa kwa njaa.

Sasa jambo lisilo na mjadala: virusi vya Andes, aina ya hantavirusi inayoshambulia mapafu. Vinabebwa na panya mwenye mkia mrefu, colilargo (Oligoryzomys longicaudatus), na mtu huambukizwa kwa kuvuta vumbi la mkojo na kinyesi chake. Vinaambukiza pia kutoka mtu hadi mtu. Mlipuko wa kijiji cha Epuyén, Argentina, mwaka 2018 na 2019 uliua watu 11. Vaa glavu na barakoa ya N95 au kali zaidi, na unyoe ndevu, maana barakoa haigandi usoni penye ndevu. Fungulia mitego nje, wewe ukiwa upande upepo unakotoka. Osha kwa klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji 9, iliyochanganywa siku hiyohiyo. Acha dakika 10, kisha suuza vizuri, kwani klorini hula alumini. Ukipata homa na maumivu ya misuli ndani ya wiki 6, mwambie daktari ulikokuwa.

Ndiyo maana panya aliyezimia kwa baridi hatiwi ndani ya shati, ingawa kwingine wengi hufanya hivyo. Mweke kwenye mfuko wa kitambaa, juu ya chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa taulo, umwachie humo hadi atembee mwenyewe.

Kupima uzito, mhamishie kwenye mfuko wa kitambaa na umpime pamoja na mfuko, kisha utoe uzito wa mfuko. Usimshike ncha ya mkia: ngozi huvuka kama soksi. Mkia wa colilargo unazidi mwili na kichwa kwa urefu. Wa Abrothrix olivacea, panya mwingine wa huko, ni mfupi kuliko mwili. Masikio makubwa katikati ya miamba, huyo yaelekea ni panya wa jenasi ya Phyllotis.

Tukotuko, wagugunaji wachimbaji wanaofanana na fuko, hawafai kwa Sherman, wao huishi chini ya ardhi. Kaa kimya mita 15 hivi kutoka mashimo yenye udongo mbichi. Kwanza utasikia mlio, tuk-tuk-tuk, kutoka chini ya miguu. Baadaye kichwa kitatokeza na udongo kurushwa nje. Ukijigeuza wakati huo, umempoteza kwa muda mrefu.