Mzee wa Waya Anajibu: Kamera ya lazima, kamera ya hiari

Mwezi huu nimechagua barua tatu, zote zinahusu Kinect, ile kamera ya mashine za gemu za Xbox inayomwezesha mtu kucheza kwa kusogeza mwili wake. Ya kwanza nimeipunguza kidogo. Mwenyewe atanisamehe, salamu zilikuwa ndefu kuliko swali.

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina watoto wawili, wa miaka 9 na 12, wanaopenda gemu za dansi. Nimeonyeshwa Xbox One mbili za mtumba. Moja ni ile kubwa nyeusi ya mwanzo, inakuja na kamera yake ya Kinect. Nyingine ni Xbox One S nyeupe, haina kamera, na muuzaji anasema, "Kamera si lazima, ukiitaka utanunua baadaye." Kaka yangu naye ananionya kwamba kamera ile inasikiliza watu, nisiiingize ndani. Nichukue ipi? Na kama kamera si lazima, ilitengenezwa ya nini? – *Mama wa Wawili*

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na huyo muuzaji. "Utanunua baadaye" ni maneno matamu, ila hiyo baadaye ilishapita. Mwambie aigeuze ile S uitazame nyuma: hakuna tundu la Kinect. Ilipotoka Agosti 2016 tundu lilikuwa limeshaondolewa, na aliyekuwa na kamera yake akahitaji adapta ya kuipitisha kwenye USB, yenye chaja yake ya ukutani. Oktoba 2017 ikatangazwa kwamba kamera haitengenezwi tena. Miezi michache baadaye adapta nayo ikafuata. Kwa hiyo ukichukua S, kamera utainunua mtumba na adapta utaitafuta kwa tochi. Nimeshaona adapta peke yake ikitajwa bei kubwa kuliko kamera yenyewe.

Sasa hilo la "ilitengenezwa ya nini". Hapo umenigusa, maana ndilo swali waliloshindwa kulijibu hata walioitengeneza.

Kinect ya kwanza ilitoka Novemba 2010 kwa ajili ya Xbox 360, na ilikuwa ya hiari. Ulitoa dola 150, ukaichomeka, ukarukaruka mbele ya TV bila kushika padi ya vitufe. Watu waliigombania: milioni 8 katika siku 60 za mwanzo, ikaandikwa kwenye rekodi za Guinness. Lakini tazama hesabu ya Februari 2013: Kinect milioni 24, Xbox 360 milioni 76. Yaani katika kila nyumba tatu zenye mashine, mbili hazina kamera. Jifanye wewe ndiye mtengenezaji wa gemu, una mishahara ya kulipa kila mwezi. Utatengeneza gemu ya padi, ambayo nyumba zote tatu zinaweza kuinunua, au ya kamera, kwa ajili ya ile nyumba moja? Na hata hiyo moja, huenda kamera imeshapandishwa juu ya kabati.

Microsoft, wenye Xbox, wakakitegua kitendawili hicho kwa ubabe. Xbox One, waliyoitangaza tarehe 21 Mei 2013, ikapangiwa kamera ndani ya kila boksi, na mwanzoni walisema mashine haitafanya kazi kamera isipochomekwa. Mimi niliielewa hesabu yao. Kila mwenye mashine akiwa na kamera, mtengenezaji wa gemu hana tena kisingizio. Shida ni kwamba hesabu hiyo ilimwangukia mnunuzi. Tarehe 10 Juni mwaka huohuo bei zikatajwa siku moja: Xbox One dola 499, PlayStation 4 ya Sony dola 399. Sony nao walikuwa na kamera, ila waliiweka pembeni, anayeitaka ainunue. Mtu asiye na haja ya kurukaruka sebuleni akazitazama zile dola 100 akajiuliza anamlipia nani.

Na hapo ndipo kaka yako anapoingia. Siku chache kabla ya bei hizo kutajwa, magazeti yalikuwa yameanza kuchapisha nyaraka za mfichua siri Edward Snowden kuhusu namna Marekani ilivyokuwa ikipekua mawasiliano ya watu. Nawe unaambiwa uweke sebuleni kamera inayoona gizani, yenye maikrofoni zinazosubiri uiite, na usiichomoe! Wakati mbaya kuliko huo, hata ungeutafuta usingeupata. Agosti Microsoft wakalegeza: mashine itafanya kazi hata kamera isipochomekwa. Kisha tarehe 13 Mei 2014 Phil Spencer, aliyekuwa amekabidhiwa Xbox mwezi mmoja na nusu hivi kabla, akatangaza boksi lisilo na kamera kabisa, kwa dola 399, kuanzia tarehe 9 Juni. Juni hiyo mauzo ya Xbox One nchini Marekani yakazidi mara mbili ya yale ya Mei.

Kwa hiyo mwambie kaka yako hofu yake si ya kijinga, ila dawa yake ni rahisi. Maelezo rasmi yalikuwa kwamba mashine ikilala, kamera husikiliza maneno ya kuiamsha tu, na kuna mipangilio ya kuzima hata hilo. Mimi ni mtu wa waya, sibishani na mipangilio. Chomoa. Kamera isiyo na umeme haina masikio. Ya kwangu ilikuwa inachomekwa Jumamosi jioni wajukuu wakija, Jumapili inarudi kwenye droo, na mashine haikuwahi kununa. Ule uamuzi wa Agosti 2013 naukumbuka kila ninapofunga hiyo droo.

Kinachonitia wasiwasi kwako ni sebule. Kabla hujatoa hata senti, chukua futi upime kutoka TV hadi kwenye kochi. Kinect ya Xbox One inataka mita 1.4 hivi kati yake na mchezaji, na wawili wakisimama bega kwa bega ongeza nafasi. Ile ya 360 ilikuwa na makuu zaidi: mita 1.8 kwa mtu mmoja, 2.4 kwa wawili. Nadhani kamera nyingi zilizopandishwa makabatini zilipelekwa huko na kochi kuliko kitu kingine chochote.

Tena tazama na dirisha. Siku nilipoichomeka ile ya 360 niliielekeza dirishani, fundi mzima. Jioni mjukuu wangu akawa anapotea mguu kwenye TV. Anaruka na miguu miwili, pale kwenye kioo cha TV anatua na mmoja. Nikakagua waya, nikabadilisha tundu, nikaanza kutafuta bisibisi. Mke wangu akapita akavuta pazia, mguu ukarudi. Kamera ile hunyunyiza chumbani maelfu ya vidoti vya mwanga wa infraredi tusiouona kwa macho, kisha hupima umbali kwa kuangalia mahali vidoti vilipoangukia. Jua nalo limejaa infraredi, likivimwagikia linavizamisha. Ya Xbox One hupima kwa njia nyingine, hutuma mwanga na kuhesabu muda unaochukua kurudi, na jua haliisumbui vile. Lakini pazia halijawahi kumdhuru mtu.

Basi, nichague. Kama futi imekubali, chukua nyeusi. Najua watu watakwambia S ni mpya zaidi, ni ndogo, haina lile tofali la umeme linalokaa sakafuni. Yote kweli. Ila wewe unanunulia watoto wa dansi, na nyeusi ndiyo mashine iliyotengenezwa ikiwa na kamera yake akilini. Tundu lipo nyuma, hutafuti adapta ya mtu. Muuzaji aiwashe mbele yako, usimame, uinue mikono uone kama umbo lako linafuata. Sogeza sikio pia, kamera ile ina feni ndogo ndani na haitakiwi kukwaruza.

Kama futi imekataa, chukua S, na usiifikirie kamera tena. Gemu za dansi za Just Dance, kuanzia toleo la 2016, zilimruhusu mchezaji ashike simu mkononi badala ya kuonwa na kamera. Hakikisha tu kwamba diski unayonunua inakubali simu. Ubaya wake ni kwamba simu inajua habari za mkono mmoja tu. Mtoto mjanja atakaa kitako kwenye kochi, azungushe kiganja, apate nyota zote. Ninaye mmoja wa namna hiyo.

SWALI: Mzee, heshima yako. Mimi niliipenda Kinect. Naingia na mikono imejaa mizigo, naiambia mashine iwake, inawaka. Kwa maoni yangu kuifanya hiari ndiko kulikoiua. Wangevumilia miaka miwili tu gemu nzuri zingekuja. Unabisha? – *Mwenye Sauti*

JIBU: Nusu nabisha. Kwamba hiari iliimaliza, sawa. Nimeshasema hapo juu, kitu kisichokuwa ndani ya kila boksi hakitengenezewi gemu. Tena wakati huohuo wa Juni 2014 watengenezaji wa gemu wakaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 10 ya nguvu ya chipu ya michoro iliyokuwa imetengewa Kinect. Fikiria maana yake: hata gemu ya mpira isiyoitazama kamera kabisa ilikuwa inailipia kodi. Aliyeonja nguvu hizo hakuwa na sababu ya kuzirudisha.

Hapo kwenye "wangevumilia" ndipo tunapoachana. Ulazima ulikuwepo. Mashine iliingia sokoni tarehe 22 Novemba 2013, kamera ndani ya kila boksi, hakuna pa kukwepea. Kinect Sports Rivals, iliyotegemewa kuonyesha kamera mpya inaweza nini, ikachelewa mpaka Aprili 2014. Karibu miezi mitano mtu amelipa dola 499 na anachokifanya zaidi na kamera ni kuiambia mashine iwake. Wewe ulifurahi. Wengi walisema kuna kitufe.

Na hiyo hiari yenyewe waliitoa kwa mkono wa birika. Oktoba 2014 kamera ikaanza kuuzwa peke yake, dola 150. Jumlisha na 399 uone: aliyechukua mashine kwanza akatamani kamera baadaye alilipa 549, dola 50 zaidi ya yule aliyebeba vyote siku ya kwanza. Hiari ya namna hiyo ni mlango wa kutokea tu.

Ila usiilie sana. Waliojua thamani yake mapema hawakuwa wacheza gemu. Ile ya 2010 haikuwa imemaliza wiki sokoni, mtu wa programu aitwaye Héctor Martín akawa ameandika programu huria ya kuiendesha kwenye kompyuta, akashinda zawadi ya dola 3,000 iliyotolewa na Adafruit, kampuni ya vifaa vya elektroniki. Tangu hapo watu wa roboti wakaivamia. Katika hospitali ya Sunnybrook, Toronto, madaktari wa upasuaji waliitumia kupekua picha za mgonjwa kwa ishara za mikono, bila kugusa kitu na kulazimika kunawa upya. Na wale PrimeSense, kampuni ya Israeli, waliobuni vile vidoti vya Kinect ya kwanza, walinunuliwa na Apple mwaka 2013. Mwaka 2017 ikaja iPhone X, inayommwagia mwenye simu vidoti vya infraredi usoni ili imtambue. Humo kamera ni ya lazima, huwezi kuichomoa, na sijapokea barua hata moja ya kulalamika. Iko ndani ya kila boksi, ina kazi inayoeleweka, na kazi hiyo mtu anaihitaji kila anapoitoa simu mfukoni.

SWALI: Mzee shikamoo. Nina Kinect ya 360, nataka kuichomeka kwenye Xbox One. Plagi haiingii. Nikate waya niunge? – *Mkono Mwepesi*

JIBU: Marahaba. Weka kisu chini! Hata ukiunga vizuri kuliko kiwandani, Xbox One haiielewi kamera hiyo. Ni vitu viwili tofauti vilivyopewa jina moja. Na usijaribu kusonga mbele zaidi ukidhani zile mashine mpya zaidi, Xbox Series X au Series S, zitakuokoa. Hizo hazipokei Kinect yoyote, na gemu za Xbox One zinazoitaka Kinect hazifanyi kazi humo.

Iache kwenye 360 yako. Shingo yake ina mota, usiinamishe kwa mkono, acha ijigeuze yenyewe. Na kama kwenye boksi ulikuta waya wa pacha, upande mmoja USB na mwingine plagi ya ukutani, ambao uliwekwa kwa ajili ya zile 360 za zamani, usiutupe. Kijana yeyote anayesomea roboti atakuomba kamera hiyo siku moja, na bila waya huo haitawaka kwenye kompyuta yake.