Midomo inacheza, sauti haitoki
Swali: Shikamoo, Nesi. Kaka yangu yuko ICU, mpira wa kupumulia umepitishwa shingoni. Anatusemesha, hatusikii kitu. Ataongea tena? Msomaji, Tanga.

Jibu: Marahaba, mwanangu, pole. Hewa inatokea shingoni, haifiki kwenye nyuzi za sauti. Muulizie kwa daktari vali ya kuongelea, kifuniko kidogo cha kwenye mdomo wa mpira huo: hufunguka akivuta pumzi, hujifunga akitoa, hewa ikapanda kooni. David Muir wa Marekani, aliyeibuni, mwenyewe alipumua kwa mashine. Ila kile kipulizo kinachozunguka mpira ndani ya koo lazima kitolewe hewa yote kwanza, la sivyo mgonjwa hana pa kutolea pumzi. Msiiguse wenyewe! Kwa sasa andikeni herufi kwenye kadibodi, mzipitie kwa kidole, akonyeze anayoitaka. Na msimmalizie maneno. Ndugu mna haraka mno.