Rangi inayokaa na rangi inayokimbia: kwa mnaoanza kutia rangi ya mimea kwa nia

Nimekuwa nachovya vitambaa kwenye rangi za mimea miaka tisa sasa, na karibu muda wote huo nimeichanganya na uganga wangu wa majira, na kila anayeanza huniuliza swali lile lile, eti aseme maneno gani sufuria ikianza kuchemka. Mi namuuliza kwanza, kitambaa umekisafisha? Maana hapo ndo wengi tunaharibu kazi kabla haijaanza.

Pamba mpya hata ikionekana nyeupe pee ina nta ndani yake, sasa we ichemshe na magadi soda kidogo saa moja hadi mbili uone maji yanavyogeuka rangi ya chai. Usipofanya hivyo rangi itashika mabaka mabaka, na hakuna dua itakayoyaondoa. Sufu usiichemshe hivyo jamani, itajikunja iwe ngumu kama zulia, yenyewe unailoweka tu na sabuni laini kwenye maji ya uvuguvugu bila kuisugua.

Baada ya hapo ndo inakuja shabu, ile inayofanya rangi ishike. Pima kitambaa kikiwa kikavu, kwa mizani sio kwa macho, kisha tumia shabu asilimia 10 hadi 15 ya uzito huo, yaani kitambaa cha gramu 200 kinataka gramu 20 hadi 30. Sufu na hariri zinaipokea shabu vizuri tu ila pamba ni mgumu kidogo, inataka ianze kulowekwa kwenye kitu chenye tanini (ule ukakasi wa mimea), mi napenda maganda ya komamanga, ndo shabu ifuate.

Na hapa kwenye shabu ndipo mimi huweka nia yangu, sio kwenye rangi. Watu hushangaa lakini fikiria, hii ndo hatua ambayo kitambaa kinafunguliwa kipokee. Na sio wazo langu tu. Waiban wa Sarawak kule Borneo, tambiko lao zito la ufumaji linaitwa ngar, na ni la kuandaa nyuzi za pamba zipate kushika rangi nyekundu ya mizizi, wakaliita vita vya wanawake, na mwanamke aliyejua vipimo vyake aliheshimiwa kuliko wafumaji wengine wote. Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu. Vipimo vyenyewe vilikuwa ndani ya uganga, havikutengwa.

Sasa nisikilizeni kwenye hili maana ndo hasa lililonifanya niandike. Mwaka wangu wa kwanza nilimtengenezea rafiki yangu uzi mwekundu wa kinga, avae mkononi asipatwe na kijicho, nikautia rangi kwa biti ruti kwa sababu maji yake yalikuwa mekundu mazuri mno. Haukupita mwezi uzi ukawa kama mchanga, hauna rangi, na yeye akaingiwa na hofu kabisa kwamba kinga imevunjika. Kumbe biti ruti sio rangi ya kitambaa, inaondoka na maji na jua, na mi sikujua. Niliumia sana, nilimpa mtu hofu badala ya kinga.

Tangu hapo kila rangi mpya naipima. Nakata kipande, nusu nakifunika kwa karatasi ngumu, nakiacha dirishani penye jua wiki mbili halafu nalinganisha. Kitu cha kinga, cha ndoa, cha mtoto, natumia zinazokaa, nili (ile bluu ya mmea) au mizizi ya Rubia tinctorum, mmea wa rangi nyekundu, ambayo unaipasha moto chini ya nyuzi 70 hivi, ukiichemsha wekundu unaelekea kwenye kahawia. Ila zile zinazokimbia nazo sizitupi! Bizari ya manjano inafifia juani haraka, basi mtu akitaka kuachilia jambo, huzuni au kinyongo, namtilia kitambaa rangi ya bizari hiyo akitundike dirishani, na kadiri kinavyopauka ndivyo anavyoliacha liende. Nimeona watu wakilia mbele ya kitambaa kilichokwajuka.

Kuhusu kalenda, fuateni mwezi na majira lakini msiache yaendeshe sufuria. Niliwahi kuacha shuka kwenye maji ya chuma (misumari yenye kutu na siki) kuanzia mwezi mpevu hadi mwezi mwandamo, kwa sababu nilitaka lipitie giza lote, na lilipotoka lilikuwa kijivu cha ajabu kizuri lakini likachanika mkononi kama karatasi. Chuma kinakula nyuzi. Siku hizi linakaa dakika chache tu, nalisuuza sana, halafu likiwa safi ndo nalitundika usiku wote ninaotaka.

Na zile sikukuu nane za gurudumu la mwaka (kalenda ya wapagani wa kisasa), Samhain, Yule na nyinginezo, zilipangwa kwa majira ya Ulaya. Ukiwa kusini mwa dunia yanageuka, na ukiwa karibu na ikweta mvua ndo kalenda yako, angalia mmea wako unachanua lini na mizizi inakomaa lini (Rubia inataka kama miaka mitatu ardhini). Magome chukueni ya matawi yaliyoanguka.

Mimea ya Oleander na Datura ina sifa kubwa kwenye vitabu vya uchawi, ila msiichemshe ndani ya nyumba, ni sumu. Na sufuria ya rangi isirudi jikoni kamwe.

Nili acheni hadi mkono uzoee. Pipa langu ni la sehemu 1 ya nili, 2 za chokaa na 3 za sukari ya matunda, kanuni aliyoieneza Mfaransa Michel Garcia. Vaa glavu, zamisha kitambaa polepole bila kuingiza hewa, kisha kitoe. Kitatoka kijani kama jani bichi, na hewa ikikigusa kitaanza kuwa bluu mbele ya macho yako. Hapo mi huwa sisemi neno lolote, nakishika tu juu ya pipa mpaka kijani cha mwisho kiishe.