CD za mikusanyiko ya dance: zilinifundisha mziki, zikaniingiza chaka pia

Wakuu salaam. Mleta uzi kauliza kama kuna maana mtu kutafuta hizi albamu za mkusanyiko za house na techno, ule mziki wa dance wa klabu za Ulaya na Marekani, wakati miksi zimejaa YouTube bure, na mkuu mmoja hapo juu kamjibu kwa mkato tu kwamba zilishakufa. Mi nimezisikiliza zaidi ya miaka ishirini na nimepiga mziki kwenye masherehe kwa kutumia hizo hizo, kwa hiyo naomba nishushe kidogo, mwenye haraka apite.

Ya kwanza kuishika mkononi ilikuwa The Annual ya Ministry of Sound, CD mbili, aliniletea binamu yangu aliporudi likizo kutoka London. Mama alipoona neno Ministry kwenye kava akajua ni kwaya ya walokole, basi nikawa naipiga mpaka Jumapili asubuhi na hakuna anayenigombeza, mwenyewe anafua huku anatikisa kichwa. Kumbe ni klabu ya usiku ipo maeneo ya Elephant and Castle, ilifunguliwa 1991, na The Annual ya mwanzo ilitoka 1995 imechanganywa na dijei Pete Tong na Boy George, ndiyo, yule yule muimbaji wa bendi ya Culture Club. Mi hayo nimekuja kuyajua baadaye sana.

Sasa utamu wake ulikuwa nini? Elewa kwamba kipindi kile Magomeni house ulikuwa unaisikia kwa mbali, labda klabu ya Bilicanas mjini kama una hela ya kiingilio, nyumbani ni Bongo Fleva na Wakongo. Huko Ulaya wimbo wa dance ulikuwa unatoka kwenye santuri yake peke yake, wimbo mmoja pande mbili, dijei anazinunua moja moja kila wiki, mi nitazipata wapi? Halafu mtu anakuletea kisahani kimoja chenye dakika sabini na kitu, nyimbo karibu ishirini, hamna kimya katikati, biti linaingia juu ya biti mpaka hujui moja imeisha saa ngapi. Yaani unaazimwa sikio la mtu aliyesikiliza mamia ya nyimbo akatupa takataka zote. Na nyuma ya kava kuna majina kwa herufi za sisimizi, mi nilikuwa nayaandika kwenye daftari naenda nayo intaneti kafe Kariakoo, nusu saa yote inaishia kusubiri ukurasa ufunguke.

Na hilo la mpangilio msilichukulie poa. Mwaka 2013 Ministry of Sound waliipeleka Spotify mahakamani Uingereza kwa sababu watumiaji walikuwa wanatengeneza pleilisti zenye nyimbo zile zile kwa mpangilio ule ule wa albamu zao. Nyimbo zenyewe Spotify walikuwa na leseni nazo, ugomvi ulikuwa ni ile orodha, je kuchagua na kupanga nyimbo ni kazi yenye mwenyewe au la. Wakamalizana nje ya mahakama 2014, kwa hiyo jibu la hakimu hatukulipata, nilisikitika kweli maana mi kama mpiga mziki nilitaka kujua na mimi kama nina mali yoyote hapa duniani.

Haya tuje kwenye machungu. Wimbo wa dance halisi una dakika saba nane, mwanzo wake ni ngoma tupu na mwisho wake ngoma tupu, zile ndo sehemu za dijei kuingilia na kutokea. Kwenye mkusanyiko wanakukatia unabaki na dakika tatu nne, na ukiutaka peke yake huupati mzima, kichwani una mkia wa wimbo uliopita na mkiani una kichwa cha unaofuata. Niliumbuka nao kwenye send-off moja Sinza. MC kaita bibi harusi aingie, nimeandaa wimbo mmoja una kinanda kitamu balaa, nabonyeza, linaanza kutoka lidada linapiga kelele la wimbo mwingine kabisa, sekunde kama ishirini hivi, bibi harusi kasimama mlangoni hajui acheze au arudi, shangazi yake ananiangalia mimi. Toka siku hiyo za kuchanganywa ni za kusikilizia, za kupigia natafuta zile ambazo kila wimbo umeachwa peke yake.

Ukizihamishia kwenye flashi ndo kabisa, kila wimbo unapoisha kuna kakimya kadogo "tik", ule mteremko wote unakuwa barabara yenye matuta. Na kujirudia nako, ukinunua tatu za mwaka mmoja kutoka makampuni tofauti nusu ya nyimbo ni zile zile, ile CD ya tatu wanakujazia za zamani ulizokwisha kuwa nazo.

Ila kero yangu kubwa siyo hiyo. Mkusanyiko ukipendwa sana unageuka kuwa ndo mziki wenyewe. Angalia techno ya Detroit kule Marekani, 1988 Muingereza Neil Rushton alikusanya nyimbo za vijana wa kule, albamu ilikuwa iitwe kitu kama house ya Detroit, mmoja wa vijana hao, Juan Atkins, akaleta wimbo wake una neno techno kwenye jina, wakabadilisha ikatoka Techno! The New Dance Sound of Detroit. Kava la albamu moja iliyotolewa Uingereza ndo likaitambulisha techno ya Detroit kwa dunia. Hapo walibahatika maana jina lilitoka kwa mwenye mziki mwenyewe.

Kwetu sasa. 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala walitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, singeli kutoka studio ya Sisso pale Mburahati, humo kuna kina Bamba Pana, Makaveli, Jay Mitta. Albamu kali, sina neno nayo, na bila hiyo hao jamaa wasingepiga kwenye matamasha ya Ulaya. Lakini ni studio moja! Kuna mgeni Mjerumani nilikuwa namtembeza mjini, anaijua singeli kuliko majirani zangu, tumepanda daladala ya Mbagala dereva kaweka singeli, ananiuliza kwa nini hii ina maneno mengi hivi, hii siyo singeli halisi. Ilikuwa Msaga Sumu, wakuu, mkongwe wa singeli mwenyewe. Msaga Sumu! Nikamtajia wasanii wengine wa singeli, Man Fongo, Sholo Mwamba, Dulla Makabila, hamjui hata mmoja, kwa sababu hawamo kwenye ile albamu. Kwake singeli ni mashine inakimbia zaidi ya biti mia mbili kwa dakika basi, habari za kigodoro, zile ngoma za usiku za mtaani, mtu anashika maiki anataja mtaa wake na mashoga wa bibi harusi, hakuna anayemwambia.

Nilicheka, halafu nikiwa nyumbani nikakumbuka mi mwenyewe miaka yote ile nilikuwa naamini The Annual ndo London nzima inavyocheza. Jungle na garage, mitindo mingine ya dance iliyokuwa inapigwa kwenye redio za wizi juu ya maghorofa ya mji ule ule, niliijua baadaye kabisa, nimeshaoa.

Kwa hiyo mleta uzi, kama unataka kusikiliza safarini, Dar mpaka Mwanza usiku, chukua iliyochanganywa na mtu mmoja mwenye sikio lake, DJ-Kicks za Berlin ziko tangu 1995, au zile za klabu ya fabric ya London za kwenye makopo ya bati zilizoanza 2001 zikaishia namba 100 mwaka 2018. Usianze na zile zenye CD tatu na picha ya ufukwe.

Na kama kuna mtu humu anauza hayo makopo ya fabric aje PM, ila asije na bei ya London.