Kabla hujailaumu sensa ya sukari, jua inavyopima

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia. Mwanawe ana kisukari aina ya kwanza, na ndugu wamemchangia sensa ya kubandika mkononi, kifaa kidogo kinachopima sukari mchana na usiku. Usiku wa manane ikalia: sukari 3.1 (milimoli kwa lita). Akamwamsha kijana, akamtoboa kidole, glukomita ikasoma 6.4. "Kaka, tumeuziwa kitu kibovu?"

Hapana, dada yangu. Nina hakika kijana alikuwa ameulalia mkono ule. Nitaeleza.

Mimi naishi na sukari tangu nikiwa sekondari Tanga. Sensa yangu ya kwanza aliniletea shangazi kutoka Maskati. Nilipokwenda nayo kliniki, mhudumu mmoja aliitazama, akatamka mbele ya foleni nzima kwamba hiyo ni anasa ya wenye hela. Maneno yale bado yananiuma. Lakini ndiyo yaliyonisukuma kusoma kitu hiki kinavyofanya kazi, na elimu hiyo imenifaa kuliko ushauri mwingi niliopewa.

Ule uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi umepakwa kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi, ambacho viwandani huvunwa kutoka kwa kuvu. Kinaichagua glukosi, yaani sukari yenyewe, kati ya vitu vyote vilivyomo mwilini na kuinyang'anya elektroni. Elektroni hizo zikifika kwenye elektrodi, yaani ncha inayopokea umeme, unapatikana mkondo mdogo sana wa umeme. Glukosi ikizidi, mkondo unazidi. Wazo hili lilitolewa na watafiti Leland Clark na Champ Lyons huko Marekani mwaka 1962.

Katika sensa za mtindo wa zamani, oksijeni hupokea elektroni na kugeuka haidrojeni peroksaidi, kisha elektrodi ya platinamu huipima kwa volti kama 0.6. Kwa volti hiyo hata parasetamoli huachia elektroni zake, na namba inapanda bure. Mwanakemia Adam Heller akaja na njia ya kuzipitisha elektroni kwenye metali iitwayo osmiamu kwa volti ndogo zaidi. Sensa ya FreeStyle Libre, iliyoingia sokoni Ulaya mwaka 2014, imejengwa juu ya kazi hiyo. Hata hivyo vitamini C kwa dozi kubwa inaweza kuipotosha. Kwa hiyo soma karatasi ya ndani ya boksi kabla ya kumeza dawa ya mafua. Isome, tafadhali.

Sasa jambo lenyewe. Uzi ule haumo ndani ya mshipa wa damu, umo katika majimaji yaliyo kati ya seli. Ukiulalia mkono, nyama inabanwa, damu na majimaji havipiti vizuri, na sensa inasoma chini ya ukweli. Mtu akigeuka, namba inarudi yenyewe. Mbandike upande asioulalia, na ikilia usiku mpime kidole. Ikiwa huna stripu za glukomita, mpe sukari kwanza, maswali baadaye.

Majimaji hayo pia huchelewa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa. Nimeliona hili sana Ramadhani: tende na uji vimeshapanda kichwani, nahisi kiu, sensa bado inasema 7 na mshale wa kwenye skrini, unaoonyesha sukari inaelekea wapi, umesimama wima kuelekea juu. Usiitazame tarakimu peke yake, tazama mshale. Na sukari ikishuka, kula gramu 15 za sukari, subiri dakika 15, kisha hakikisha kwa kidole. Wengi huona sensa bado iko chini, wanakula tena na tena, saa sita usiku wako 17. Ukitetemeka na kutoka jasho huku sensa inasema uko salama, amini mwili wako, toboa kidole.

Ndugu zangu, tusikubali kuambiwa kujua hali yako ni anasa. Lengo kwa watu wazima wengi ni kuwa kati ya 3.9 na 10.0 kwa asilimia 70 ya muda au zaidi. Mimi nimeshalivuka na ninajivunia. Nawe ukiwa na sensa, hata ya mara moja moja, nenda na grafu kliniki na uiweke mezani kabla insulini ya usiku haijabadilishwa. Mwombe daktari aanze kutazama saa nane usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu kipimo cha asubuhi peke yake hakionyeshi sukari ilishuka saa ngapi kabla haijapanda.