Sindano ya kupunguza uzito: usikimbilie dozi

Dada wa Nyegezi, umeuliza kama upande hadi miligramu 0.5 kwa kuwa wiki mbili za semaglutide (dawa ya hiyo sindano) 0.25 hazijakupunguza. Usipande. Hiyo 0.25 ni ya kulizoesha tumbo tu: mara moja kwa wiki, wiki 4, ndipo daktari anaongeza. Wanaorukia dozi ndio hao wanaoshinda wakitapika. Kula kidogo kidogo, sato wa kuchemsha badala ya wa kukaanga.

Choma tumboni, vidole vitatu kutoka kitovuni, ukihama sehemu kila wiki. Sindano mpya kila mara. Hesabu taratibu hadi 6 kabla ya kuchomoa, la sivyo dawa inavuja.

Na hiyo kalamu ya sindano (yenye dawa ndani) uliyoiweka friza na samaki (jamani!): kama iliganda, tupa, hata ikiyeyuka. Tumbo likiuma sana hadi mgongoni, acha dawa, nenda hospitali ya Bugando siku hiyo hiyo.