Jibu: Mshipa wa shingo wa mzee umeziba, tuuze mtumbwi?

Dada, pole sana kwa kuuguza. Umeuliza kama muuze mtumbwi ili mzee akaunganishiwe mshipa wa nje ya fuvu na ule wa kwenye ubongo, maana wa shingoni umeziba. Nakusihi, msiuze kwanza.

Upasuaji huo umepimwa sana. Utafiti uliotoka 1985, wagonjwa 1,377, haukuonyesha kuwa unazuia kiharusi kuliko dawa. Marekani wakarudia kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa makini, majibu yakatoka 2011: ndani ya siku 30, waliopasuliwa waliopata kiharusi walikuwa kama 14 katika 100, wa dawa 2 tu. Baada ya miaka miwili wakawa karibu sawa, 21 kwa 23. China nao, 2023, hawakuona tofauti ya maana.

Ila muulizeni daktari: umeziba kabisa au umebana? Uliobana asilimia 70 na zaidi, na dalili za kiharusi zimeshatokea, husafishwa palepale shingoni, na hiyo inasaidia kweli, hasa ikiwahi.

Baba yangu mdogo anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Kikombe kilimponyoka mkono wa kulia, dakika kumi baadaye akajiona mzima, akataka kurudi sokoni. Tukamkimbiza hospitali. Leo ni aspirini, statini (dawa ya kushusha mafuta kwenye damu) na dawa ya presha, sigara kaacha. Vidonge viko kwenye kopo juu ya redio, mama mdogo anavihesabu kila jioni.

Mzee akipinda mdomo au ulimi ukiwa mzito, hata kwa dakika tano, msisubiri kukuche.